Shaba Chini ya Kusine

Watu wa Kamalondo, mtaa wa zamani wa Lubumbashi, walikuwa na kipimo chao cha fundi wa magari. Hawakuuliza amesomea wapi wala ana vyombo gani. Waliuliza jambo moja: akitaka kufungua injini yako, anakuita? Mafundi wengi hawakuita. Walifungua wenyewe, wakatoa walichotoa, wakatia walichotia, nawe ukaletewa gari lako linanguruma na ukaambiwa ushukuru Mungu. Kasimu wa Yuma alikuwa anaita.

Desturi hiyo aliirithi kwa baba yake, Mzee Yuma, ambaye babu zake walitoka Kasongo kule Maniema na biashara ya vitambaa. Mzee Yuma ndiye wa kwanza katika ukoo kuacha duka na kushika spana. Alijifunza kwa Mgiriki mmoja mwenye malori, na alipokufa alimwachia mwanawe karakana ya mabati nyuma ya nyumba, pamoja na neno juu ya injini ambalo Kasimu alilikariri tangu ana meno ya maziwa: "Motere iko kama mugonjwa. Hauwezi kumupasula kama bandugu yake habako." Kwa hiyo kwa Kasimu mwenye gari aliketi kwenye gurudumu la zamani, akatazama kila bulon, kila bolti, ikitoka. Vyuma vilivyochakaa vilipangwa juu ya gazeti, akaenda navyo kwake. Zilikuwepo nyumba Kamalondo ambamo pistoni ya zamani ilitumika kama kibweta cha majivu ya sigara, na wageni walionyeshwa kwa fahari.

Sasa, mtu mwenye jina zuri ana ugonjwa wake: hulipenda lile jina kuliko kazi iliyolizaa. Kasimu alikuwa mtu mwema, mswalihina wa kutosha, mcheshi, baba wa watoto wasioiba maembe ya watu. Lakini ukimsifu mbele ya kadamnasi alikuwa anayeyuka kama samli. Mkewe Zabibu alilijua hilo na alikuwa akimtania kwalo. Hakuna aliyefikiri kwamba litakuja kumgharimu mtu machozi.

Ng'ambo ya ua wake alikaa Liévin, ambaye alikuwa rafiki yake tangu wote wawili wanatembea bila suruali. Baba yake Liévin aliletwa kutoka Kongolo kuja kujenga reli. Liévin mwenyewe alikuwa anapanga mabehewa stesheni. Serikali ilikuwa imeyafuta majina ya ubatizo, na kwenye karatasi zake alikuwa citoyen, yaani mwananchi, Kabwe. Lakini mama aliyemzaa, Mama Hortense, hakuwa amesoma amri hiyo, na nyumbani alibaki Liévin. Mmoja alisali msikitini, mwingine kwa mapadri, na Idi na Noeli zote ziliwakuta kwenye sinia moja.

Liévin alikuwa na gari. Niseme vizuri: alikuwa na umbo la gari. Ilikuwa Peugeot 403 ya rangi ya maziwa, aliyoipata kwa mpima ardhi mmoja Mbelgiji aliyerudi kwao, nayo kwa miaka ilisimama juu ya matofali, imefunikwa turubai, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Watu walimcheka. Yeye aliiosha kila Jumapili baada ya misa, kama mtu anayemwogesha mtoto ambaye hajazaliwa.

Aliyeiamsha gari ile ni Mama Hortense. Alikuwa na dada mmoja aliyebaki duniani, Agnès, aliyekuwa akilima mihogo huko Lukafu. Dada hao walikosana zamani, kwa jambo ambalo hata wao walikuwa hawalikumbuki sawasawa, wakazeeka wakitumiana salamu baridi kwa madereva wa malori. Mwaka ule bei ya shaba ilipoanguka na kila kitu mjini kikaanza kupungua, Mama Hortense alimwita mwanawe akamwambia, "Mi nataka kuona Agnès mbele nife. Niko na neno moja ya kumuambia." Nyonga yake haikuweza tena kupanda lori. Ilibaki 403.

Kasimu akaifungua injini mbele ya Liévin, kama ilivyokuwa desturi. Pistoni zilifaa. Ubaya ulikuwa chini kabisa, kwenye vilebreki, ule mhimili mzito unaozungusha kila kitu. Pale mikono ya pistoni, zile biele, zinaposhika vilebreki, huwekwa vigamba viwili vya chuma laini vinavyokumbatiana: hivyo ndivyo kusine. Vyuma havigusani, kati yao hupita utando wa mafuta, na kusine ndiyo inayoulinda. Kusine za 403 zilikuwa zimeliwa zote, na vilebreki imechubuka. Mchongaji vyuma mmoja, mwenye mashine nzuri, aliisaga vilebreki hadi ikang'aa, lakini ikawa nyembamba kidogo kuliko ilivyozaliwa. Hivyo zilihitajika kusine nene kidogo kuliko za kawaida, zote za kipimo kimoja, ili kuliziba lile pengo.

Mjini hazikupatikana. Wenye maduka ya vipuri walikuwa wameondoka na waliopewa maduka yao walikuwa wanauza sabuni. Aliyebaki ni Adija, mama wa Sakania, aliyekuwa anapanda treni na vifurushi vyake kutoka mpakani, akileta unga, betri, na vyuma ambavyo hakuna aliyemuuliza vimetoka wapi. Alipofika Kamalondo alitandika kitenge mezani kwa Kasimu, akaweka juu yake aina mbili za kusine.

"Hizi nguvu njo za ba camion," alisema, akigusa zile ngumu za malori. "Zinakawia myaka mingi. Zile zingine ziko laini, nyeupe nyeupe vile."

Liévin akazishika zile ngumu, akazipima uzito kwa kiganja. "Kama zinakawia, juu ya nini tusikamate hizi?"

Hapo Kasimu alikuwa kwenye kiti chake cha enzi. Alifuta mikono taratibu, akamsogeza rafiki yake karibu na vilebreki. "Angalia, ndugu yangu. Hii vilebreki iko ya zamani, chuma yake haiko nguvu. Ukitia kusine nguvu, ni vilebreki njo itakuliwa, na vilebreki ingine hautapata. Tena njia ya Lukafu iko vumbi tupu. Muchanga kidogo ukiingia mu mafuta, kusine laini inaumeza, inanyamaza. Ile nguvu inakatala, muchanga unabaki kukwaruza. Kamata laini. Lakini zote za kipimo moja, hata moja isikosekane."

"Ni weye njo unajua, yaya," Liévin alisema, kwa lile neno la kumheshimu kaka, na jambo likaisha hapo. Cherehani ya mkewe Virginie ilipanda treni kwenda Sakania pamoja na Adija, na kusine zikabaki Kamalondo, zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Virginie hakulalamika. Alisema tu kwamba mama mkwe akishamwona dada yake, yeye atashona kwa mkono.

Kama Kasimu angezitia kusine wiki ile ile, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alikuwa anasubiri pete za pistoni, na katika kusubiri huko akaja mkubwa mmoja wa mjini, mtu wa chama, mwenye 403 nyeusi iliyokuwa inagonga kwenye biele moja, na vilebreki yake ilikwisha sagwa zamani kwa kipimo kile kile. Mkubwa huyo hakumtuma dereva. Alishuka mwenyewe, barabarani, watu wote wakiwa nje kwa ajili ya usafi wa Jumamosi, wafagizi wameshika mifagio, akamshika Kasimu mkono na kusema kwa sauti ya mkutano kwamba amesikia fundi wa kweli wa mji huu anakaa Kamalondo. Alikuwa na wageni wa kupokea. Alihitaji gari lake.

Kasimu akaingia karakana, akaitazama ile karatasi yenye mafuta. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote. Mkubwa hakutishia, hakufoka, hata hakujua kwamba kusine zile zina mwenyewe. Angeambiwa hakuna, angekwenda kutafuta kwingine. Lakini Kasimu aliona mifagio yote imesimama, macho yote yameelekea kwake, akafungua karatasi akatoa jozi moja.

Nitazirudisha, alijiambia, Adija atakuja na zingine. Hakuwa mwizi. Mwizi anajua anachofanya. Kasimu alikuwa wa aina ya pili, anayejiazima cha mwenzake bila kumuuliza, na huyo huchelewa sana kujijua. Gari nyeusi ikaondoka inanguruma laini, mkubwa akapunga mkono dirishani, na jioni ile Kasimu alitembea mtaani polepole kuliko kawaida yake ili watu wapate nafasi ya kumsalimia.

Adija hakuja. Njia ya reli iliharibika mahali fulani, treni zikalala Sakania. Aliyekuja ni dereva wa lori la mahindi, akitokea Lukafu, na habari kwamba Mama Agnès amelala, hali chakula, na anamuulizia dada yake.

Liévin aliruka ua, hakuzunguka hata mlangoni. "Yaya, gari itaweza kutoka kesho?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi: jozi moja haipo, nilimpa mtu. Liévin angekasirika, kisha angetafuta njia nyingine. Angemlilia mwenye gari stesheni, angemwomba padri. Kasimu aliliona lile neno, akaliona na jina la baba yake likiwa limelala chini yake, akalimeza. "Kesho asubui inatoka," alisema.

Katika mji ule shaba ilikuwa jibu la kila swali. Sufuria ikitoboka, kiraka cha shaba. Mkono ukiuma, bangili ya shaba. Amadi, shemeji yake Kasimu, alikuwa akigonga picha kwenye mabati membamba ya shaba, tembo na wanawake wenye mitungi, akawauzia wageni hotelini. Na vipande vyake vilikuwa vimetapakaa uani. Kasimu alikuwa na jozi moja ya kusine za kipimo kidogo, iliyosahaulika rafuni. Zilikuwa zinalegea kwenye vilebreki. Akakata ukanda wa shaba ya Amadi, akautandika nyuma ya kila kigamba, kati ya kusine na biele, ili kukijaza kilichopungua. Baba yake aliwahi kufanya hivyo, aliikumbuka siku yenyewe, kwenye injini ya kinu cha unga kule Kasungami. Ile injini iliishi miaka. Lakini injini ya kinu huzunguka taratibu mahali pamoja, kama bibi anayetwanga. Haipandi milima na watu mgongoni. Hilo nalo Kasimu alilijua.

Zile jozi tatu nyingine alizipima moja moja kwa uzi wa risasi uliobanwa katikati, akaangalia umebonyea kiasi gani. Ile ya nne, ya biele ya tatu, aliizungusha kwa mkono tu. Mkono ukasema inatosha. Mkono wa mtu mwenye hatia huwa mwepesi wa kukubali.

"Liévin hakuyi kuangalia?" Zabibu aliuliza mlangoni.

"Iko na kazi," Kasimu akajibu, bila kuinua kichwa.

Asubuhi Mama Hortense aliwekwa kiti cha nyuma, mto chini ya nyonga, kitenge kipya kichwani. Alimshika Kasimu mkono kwa mikono yake miwili akambariki kwa majina ya watakatifu wote, nao walikuwa wengi. Kasimu akamgeukia Liévin dirishani. "Usikimbize. Motere iko mupya, iko mu rodaji. Pole pole." Akarudia. Gari ilipoanza kusogea akaifuata hatua kadhaa akarudia tena: "Usikimbize, unasikia?" Ulikuwa ushauri wa kweli, injini yoyote mpya, ikiwa kwenye rodaji ya kuzoeza vyuma, haikimbizwi. Lakini alikuwa tayari anajijengea utetezi, kabla hata kosa halijazaliwa.

Siku zilizofuata alifanya kazi bila kusikia alichokuwa anaambiwa. Kila lori lililopita likitoka upande wa Lukafu lilimtoa nje. Mwishowe lori moja lilisimama mbele ya nyumba ya Liévin, na nyuma yake, kwa kamba, 403 nyeupe imekuwa nyekundu kwa vumbi. Mama Hortense alishushwa mbele, karibu na dereva. Kitenge chake alikuwa amekigeuza, kama mwanamke aliyefiwa. Alipita katikati ya watu bila kumsalimia yeyote.

Liévin alikuja karakana kabla hajaingia kwake. Alisimama mbali kidogo.

"Yaya, unisamehe," alisema. "Nimeharibu kazi yako."

Kasimu aligeuka kutoka mezani.

"Uliniambia nisikimbize. Nilienda muzuri, pole pole, mpaka karibu saa sita. Njo pale njia ikakuwa sawa, mama analia ku nyuma, naona jua inapanda. Nikakanyaga. Kidogo tu, yaya. Motere ikaanza kugonga, ko ko ko, na ikakamata, ikafa. Tulilala pale mu pori. Lori ilitukuta kesho yake. Tukafika, banakwisha kumuzika asubui." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mama hanisemeshe. Tangu kule hanisemeshe."

Ni kitu gani kibaya kuliko kulaumiwa? Ni kuombwa msamaha na uliyemkosea. Kasimu alisimama na spana mkononi, akasikia masikio yanawaka. Pale pale angeweza kusema. Alisema, "Pole, ndugu yangu." Na Liévin akamshukuru.

Matanga yalikaliwa uani kwa Liévin, ingawa maiti ilizikwa mbali. Wanawake mikekani, wanaume kwenye viti vya kuazima. Kasimu alikwenda, angewezaje asiende, na kila alipoketi alisikia habari ya mbio za Liévin. Watu wa mji ule hawana ubaya, ila methali haziwakai tumboni. "Haraka haraka haina baraka," mmoja alisema, akipuliza chai yake. Wa pili akarudia. Wa tatu akamwambia Liévin mwenyewe usoni, kwa mapenzi, akimpigapiga bega. Liévin aliitikia kwa kichwa kila mara, kama mtu anayepokea haki yake. Alikuwa amekonda. Alimpelekea mama yake uji asubuhi na jioni, na Mama Hortense alikuwa anaupokea kwa mkono wa Virginie tu. Liévin akimletea yeye, bakuli lilibaki pale hadi linaganda.

Siku ya mwisho ya matanga kikongwe alimwita Kasimu mkekani. "Weye ulifanya kazi yako, mwanangu," alimwambia, mbele ya wanawake wote. "Ulimuonya, nilisikia na masikio yangu. Ni huyu niliyemuzaa njo alininyima Agnès." Akaagiza apewe chakula. Kasimu alisukumiwa sahani ya bukari, ule ugali wao, na samaki. Alimega tonge, akalizungusha kati ya vidole, likawa gumu kama jiwe, hakuweza kulipeleka kinywani. Virginie alidhani ni huzuni ya kifo. Alimwonea huruma.

Alipotoka, Liévin alimfuata hadi langoni. "Ile motere, yaya. Fungua tu peke yako. Mi sina macho ya kuiona."

Hivyo hata kile ambacho kingemfichua kiliondolewa njiani. Desturi ya Mzee Yuma ingemlazimisha kufungua mbele ya mwenyewe. Mwenyewe amekataa kwa aibu isiyo yake. Kasimu alikuwa huru. Angeweza kuifungua injini, kuutupa ule ukanda wa shaba, kungoja Adija, kuijenga upya vizuri, bure, zawadi ya rafiki, na mtaa mzima ungemsifu. Niwaambieni ukweli, aliifikiria njia hiyo kwa muda mrefu, akaipamba, na ikaonekana ni ya mtu mwema.

Akafungua peke yake, mara ya kwanza katika karakana ile. Jozi tatu za kusine laini zilitoka nyeupe, safi, kana kwamba zimewekwa jana. Zilimeza vumbi lao zikanyamaza, kama alivyosema mezani. Biele ya tatu ilitoka nyeusi. Kusine zilizunguka mahali pake, zikaungua, na shaba ilikuwa imejikunja na kuchanika, imebanwa ikatoka pembeni. Kama mbio ndizo zilizoua injini, zingezigusa zote nne. Chuma hakina upendeleo. Kanyago la Liévin halikuwa na uzito wowote katika jambo lile, au lilikuwa na uzito ambao kusine nzima ingeubeba bila kugutuka.

Zabibu alimkuta ameketi sakafuni. Hakuuliza sana, alikuwa binti wa nyumba ya mafundi na kaka yake alikuwa mgonga shaba, aliitambua shaba ya kwao. Akaitazama, akamtazama mumewe.

"Ile jozi ingine ilienda wapi?"

"Mu gari ya ule mukubwa."

Zabibu aliinama akaiokota ile shaba. Kisha akasema, "Ulikuwa unatafuta salamu ya mukubwa. Sasa salamu ulipata."

"Nimeomba Mungu, Zabibu. Kila swala naomba."

"Mungu hukumukosea peke yake. Haki ya muntu inaombwaka ku muntu."

Kasimu aliinuka, akatoka, na kwa mara nyingine katika maisha yake akamwita mwenye injini. Alimwita kutoka juu ya ua. Liévin alikataa, Kasimu akamwita tena, akaja akitazama chini. Vyuma vilikuwa vimepangwa juu ya gazeti. Kasimu hakueleza kwa maneno marefu. Alionyesha kwa kidole: hizi ni za Adija, hii si ya Adija, hii ni shaba, niliitia mimi, zako nilimpa mtu ili nisifiwe.

Liévin alichuchumaa. Aliokota jozi moja nyeupe, akaipapasa kwa kidole gumba. "Hizi ziko safi."

"Ziko safi."

"Kwa hiyo haiko mbio."

"Haiko mbio, ndugu yangu. Hata ungeenda pole pole, ingekufa tu. Pengine mbele kidogo, lakini ingekufa."

Kasimu alitarajia ngumi, na kwa kweli aliitamani. Liévin alibaki amechuchumaa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ikawa vigumu kujua ni kilio cha hasira au cha mtu aliyetuliwa mzigo. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo. "Juma zima nalala inje juu sina uso ya kuingia mu nyumba ya mama. Na weye ulikuwa unakaa pale, unaniangalia."

"Nilikuwa nakuangalia."

"Banasema haraka haraka, na weye unasikia."

"Nilisikia."

Maji yakimwagika hayazoleki, na Kasimu hakujaribu kuyazoa. Alisema tu, "Nitamuambia mama, mi mwenyewe." Liévin alisimama akatangulia njia.

Mama Hortense alikuwa ameketi barazani, miguu imenyooshwa juani, Virginie kando yake akishona kwa mkono. Kasimu alipiga magoti. Wanaume wa umri wake hawapigi magoti hovyo, na watoto waliokuwa wanacheza uani wakasogea kutazama. Alisema yote: jozi aliyoitoa, mtu aliyempa na sababu ya kumpa, shaba aliyoitandika, asubuhi ile alipopokea baraka huku anajua. Sindano ya Virginie ilisimama kwenye kitambaa. Bila shaka aliikumbuka cherehani yake.

Kikongwe alisikiliza hadi mwisho, taya likitafuna hewa. "Shaba," alisema.

"Shaba, mama."

"Na huyu hakukosa."

"Hakukosa kitu, mama. Ni miye."

Kasimu aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa laana. Usiku baada ya usiku alikuwa ameisikia katika kichwa chake, kwa sauti ile ile iliyotaja watakatifu. Alikuwa pia, ndani kabisa, mahali ambapo hata Zabibu hakufika, amejiandaa kwa msamaha. Aliwahi kusikia vikongwe wakisamehe mambo makubwa kuliko hayo kwa mkono mmoja tu juu ya kichwa.

Mkono haukuja. Mama Hortense alikuwa anamtazama mwanawe aliyesimama nyuma, mgongo ukutani, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

"Liévin," alimwita. "Sogea hapa. Ikala."

Liévin akaja akaketi chini, karibu na miguu yake. Mama akamshika shavu, akalivuta kidogo, akalipima kati ya vidole jinsi lilivyopungua. Uso wake mwenyewe ulikuwa umelowa. Ndipo akakumbuka kwamba Kasimu yuko magotini.

"Weye Kasimu, nimesikia," alisema, bila ukali. "Enda sasa kwako. Niko nasema na mutoto yangu."

Kasimu akainuka, magoti yana vumbi. Hakuna aliyemsindikiza. Nyuma yake alimsikia Mama Hortense akimuuliza mwanawe amekula nini tangu asubuhi, na Liévin akijibu kwamba hajala, na mama akianza kumgombeza. Aliufikia mlango wa ua, akautoa komeo, akapita, akaurudishia polepole ili usipige kelele.